Anzia Mbali na Nyumbani

Kiirua,
20 Mei 2025

Shangazi Gladys,

Natumaini dereva Gatakaa amekufikishia viazi pamoja na barua hii. Nimemwambia akupe mkononi, asimwachie mtu yeyote, hata awe mtu wa kanisa.

Sisi tu wazima. Mama anakohoa kwa baridi ya asubuhi, lakini bado huamka kabla yangu kwenda kupalilia vitunguu vya watu.

Nina jambo ambalo siwezi kumuuliza yeye. Najaribu kuandika hadithi yetu. Sitaji majina, naiandika kama hadithi ya kubuni, ya mwanamke mmoja na mtoto wake. Kila Jumamosi nashuka Meru mjini kwenye kikundi cha waandishi. Anayetuongoza ni Mwalimu Riungu, mzee aliyestaafu, ambaye husahihisha kazi zetu kwa kalamu nyekundu kana kwamba tuko darasa la sita. Mimi nimekwama kwenye mwanzo.

Nilianzia harusi ya mama. Mwalimu akasema, "Harusi hii haijamtisha mtu hapa. Ruka." Nikaanzia siku tulipofika Kiirua, mama aliponiambia kwamba siitwi tena Wanja, naitwa Kinya, na nikijisahau nitatuua sote wawili. Akasema huo ni mlango wa pili, niutafute wa kwanza. "Anzia pale ambapo mkono wako hautaki kuandika."

Basi nimeandika asubuhi tuliyotoka kwa baba. Geti lake lililotengenezwa kwa ubavu wa lori kuukuu, maneno MUNGU MBELE yakiwa bado yanasomeka. Mkono wa mama umefungwa kitambaa. Mimi nimevaa kiatu kimoja. Na wewe, shangazi, umesimama katikati ya majani chai ukitupungia tupite haraka. Nilikuwa na miaka sita tu, kwa hiyo nakuuliza: hadithi yetu inaanzia hapo kweli? Au kuna kitu kabla ya hapo ambacho mmenificha?

Nisamehe Kiswahili changu cha shuleni. Kiembu kimenitoka, na Kimeru wewe hukijui. Ningekupigia, lakini najua baba huichukua simu yako atakapo na kuisoma yote.

Mama hajui kwamba naandika.

Wako,
Kinya


Kianjokoma,
27 Mei 2025

Kinya mwanangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa chooni, mlango nimeukomea, na nilipomaliza nikaitumbukiza humo humo. Usiudhike.

Wewe unaandika kama mtu aliye mbali. Mimi siko mbali. Nyumba ya kaka yangu na yangu zimetenganishwa na ua wa michongoma tu. Asubuhi Ndambiri huingia kwangu kunywa chai bila kupiga hodi. Siku hizi ni mzee wa kanisa, na akiwaombea wagonjwa watu hulia. Lakini kila nikitoka safari huniuliza nimekutana na nani. Watu hapa wanasema mama yako alitoroka na mwanamume wa Nairobi. Yeye hajawahi kusema hivyo. Yeye husema, "Ruguru alipotea," kisha ananitazama.

Umeuliza kama kuna kitu kabla ya geti. Kipo.

Kila jioni baba yako alikuketisha kwenye benchi la jikoni akikumenyea ndizi, halafu kwa upole kabisa akakuuliza, "Leo mama alienda wapi? Anza mwanzo." Aliamini mtoto hasemi uongo. Ukisema mama alikwenda mtoni, atauliza mtoni palikuwa na nani. Ukimtaja mtu, mama yako atalipa. Hukuambiwa na mtu, ulilitambua mwenyewe. Ukaanza kuanzia mbali. "Kulikuwa na mbuzi amekula sabuni." Ulimzungusha mbuzi huyo shamba zima, ukampandisha mlima, ukampeleka kanisani, mpaka baba yako achoke au acheke, na siku hiyo mama yako angelala salama. Mimi nilisimama mlangoni jasho likinitiririka mgongoni. Basi usiniambie kwamba hujui kuanza hadithi. Ulijua kabla hujajua kuandika jina lako.

Nakusihi uanze vivyo hivyo. Anzia mbali na nyumbani. Mwanamke wako awe wa Mombasa, awe wa nchi isiyokuwepo. Geti litoe. Kitambaa kitoe. Mimi nitoe kabisa.

Gari la Gatakaa limeharibika, na sijui barua hii itaondoka lini.

Shangazi yako,
Gladys


Kiirua,
1 Juni 2025

Shangazi,

Gatakaa hajaonekana, nami siwezi kungoja jibu lako kabla ya kukueleza. Jana nimesoma hadithi yangu redioni.

Mwalimu Riungu anafahamiana na mtangazaji wa kipindi cha hadithi cha Jumamosi mchana. Alitupeleka watatu, na mimi nikasoma ukurasa wangu wa kwanza, ule wa geti. Usiogope, wewe nilikuruka. Na nilijitambulisha kama Kinya tu.

Baadaye watu wakapiga simu. Mama mmoja wa Nkubu alilia hewani. Kisha akapiga mzee mmoja wa upande wa Embu, mwenye sauti ya taratibu, akasema yeye ni mzee wa kanisa, hadithi imembariki, na angependa kumshika mwandishi mkono. Mtangazaji akamwambia huwa tunakutana Jumamosi, kwenye ukumbi ulio nyuma ya kanisa, karibu na soko.

Nywele zilinisimama kidogo niliposikia lafudhi ya kwetu. Halafu nikajicheka. Baba ninayemkumbuka hakuwa mtu wa kanisa, na hakuwahi kumshukuru mtu.

Mwalimu anasema sasa nimeupata mwanzo wangu. Niambie nawe unaonaje.

Wako,
Kinya


Kianjokoma,
1 Juni 2025

Kinya,

Ukiipata barua hii kabla ya Jumamosi, usiende Meru. Hilo ndilo la kwanza. Mengine yasome ukiwa umeketi.

Jana mchana Ndambiri alikuwa mezani kwangu. Redio ilikuwa wazi, tukingoja matangazo ya vifo, kwa kuwa kuna jirani aliyefiwa. Sauti ya msichana ikaanza kusoma. Sikukujua. Mara ya mwisho kukusikia ulikuwa huna meno ya mbele. Kisha likaja geti.

Niliinuka nizime. Akasema, "Ongeza sauti."

Nikaongeza. Yeye alisikiliza huku ameshika kikombe, hanywi, hakiweki chini. Ulipofika kwenye mkono uliofungwa kitambaa, nilitazama sakafu.

Ulipomaliza akaniuliza, "Gladys, kwenye geti langu kumeandikwa nini?"

"Mungu Mbele."

"Umewahi kuona geti lingine lenye maneno hayo?"

Nikamwambia malori yenye maneno hayo ni mengi.

"Malori, ndiyo," akasema. Akatoka nje na simu. Nilimwona dirishani akizungumza na mtu, ameinamisha kichwa, anatabasamu kama anavyotabasamu akiongea na pasta.

Leo kabla ya ibada amekuja kuazima mwavuli wangu. Anasema Jumamosi anasafiri, na Meru kuna mvua.

Namba yako ya simu sikuwahi kuitaka, nisije siku moja nikalazimishwa kuitoa. Leo najuta. Ningepanda gari nije mwenyewe, lakini nikitoka sasa nitakuwa namwonyesha njia. Naiweka barua hii kwa Gatakaa pamoja na ile ya kwanza, ambayo bado iko kwake. Fundi amemwahidi gari Alhamisi. Naomba fundi asiwe mwongo.

Usiende Meru.

Gladys


Kiirua,
10 Juni 2025

Shangazi,

Barua zako mbili nimezipata jana, Jumatatu. Yeye alikuwa ameshakuja.

Tulikuwa ukumbini, tumepanga viti duara. Aliingia amevaa koti la kijivu, Biblia kwapani, mwavuli mkononi. Mwalimu Riungu alimkaribisha kwa furaha, akisema ni nadra msomaji kusafiri kutoka Embu kuja kumwona mwandishi. Yule mzee akanishika mkono. Sikumtambua, shangazi. Nilimwona ni mzee wa kawaida mwenye mvi. Alikaa mbele yangu, akaweka kofia gotini, akasema, "Hadithi yako ilinipendeza. Umeitoa wapi? Anza mwanzo."

Kabla akili yangu haijamjua, miguu yangu ilishamjua. Ilipoa kuanzia magotini kwenda chini. Sikuwa nimesoma barua yako, sikuwa na habari ya benchi wala ya mbuzi, lakini mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

Nikaanzia mbali, Isiolo.

Nikasema hadithi si yangu. Nilipewa na mama mmoja aliyekuwa akiuza nyanya kando ya barabara Isiolo. Alikuwa amekosa vidole viwili vya mkono wa kushoto. Nilimnunulia chai, akanisimulia.

"Yuko wapi huyo mama?" akauliza.

"Alikufa wakati wa korona. Tulimzika watu wachache."

"Na mtoto?"

"Mtoto alimtangulia. Malaria."

Wenzangu wananijua. Wanajua sijawahi kwenda Isiolo. Hakuna aliyekohoa. Mwalimu Riungu alikuwa amekwishaweka kalamu yake chini.

Baba akainama kunisogelea. Akasema, "Una sauti ya mtu ninayemfahamu. Wewe ni wa nani?"

Jina la mtu yeyote halikunijia. Ndipo Mwalimu Riungu akasema, kwa sauti yake ile ile ya darasani, "Ni wangu. Ni kifungua mimba wangu. Kwani ameshindwa hata kujitambulisha?"

Baba akamtazama yeye, akanitazama mimi. Akainuka, akavaa kofia. "Mwanzo wako haufai," akaniambia. "Ungeanzia kaburini, ungewapunguzia watu safari." Akatuaga kwa mkono, kila mtu, akatoka.

Mwalimu alifunga mlango kwa ufunguo. Alinipa chai, nikaimwagia magotini. Akasema, "Mimi ndiye niliyekwambia uanzie kwenye hofu. Nilidhani hofu ni mambo ya vitabu." Alinisindikiza hadi Kiirua, na tulishuka kwenye gari mapema tukakata kwa mashamba, tukigeuka nyuma kila mara.

Mama hajui. Nimeweka jembe nyuma ya mlango, nikamwambia ni kwa ajili ya mbwa mwenye kichaa. Niambie amerudi akiwa vipi.

Kinya


Kianjokoma,
22 Juni 2025

Kinya mwanangu,

Alirudi Jumamosi ile ile. Alikula kwanza. Kisha akasema, "Ruguru amekufa. Na mtoto pia." Alikuwa ananitazama usoni kama mtu anayepima maziwa kuona kama yametiwa maji.

Nililia. Sikulazimika kujisukuma. Woga niliokuwa nao wiki nzima ulipata mlango ukatoka. Nadhani hilo liliniokoa.

Mlifanyiwa maombi ya marehemu hapa uani. Wanawake walileta uji na githeri, wakaniketisha mkekani, wakanishika mabega. Pasta alisema mema kuhusu mama yako, nami nikaitikia amina. Hujui ilivyo kuomboleza mtu uliyempelekea parachichi mwezi uliopita.

Leo ndipo nimeelewa. Kanisani limetangazwa tangazo la ndoa ya Mzee Ndambiri, aliyefiwa na mke, na Wambura wa Manyatta. Kumbe hakuja Meru ili awarudishe. Pasta alikuwa amekataa kumfungisha ndoa bila kujua mke wa kwanza yuko wapi. Alihitaji kaburi, nawe ukampa. Sijui kama alikutambua. Huenda alikutambua. Lakini kaburi lilimfaa kuliko binti.

Wambura ni mjane, anauza nguo za watoto sokoni. Ana wasichana wawili. Baada ya ibada walikuja kwetu kula, na Ndambiri akampakata yule mdogo, akammenyea ndizi, akamuuliza njiani wamekutana na nani. Mtoto alikuwa anamweleza yote huku akicheka. Mimi nilikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Tumeokoka, Kinya. Kwa mara ya kwanza hamtafutwi. Nyamaza, nami nitanyamaza. Kama ni dhambi, iwe yangu.

Shangazi yako,
Gladys


Kiirua,
1 Julai 2025

Shangazi,

Ondoka hapo upesi.

Barua yako ya mwisho nilishindwa kuificha, nikampa mama aisome, nikamweleza yote tangu redioni. Hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu: "Huyo mdogo ana miaka mingapi?" Kisha akaniomba karatasi.

Nimemsihi. Nimepiga magoti, shangazi, nikiwa mtu mzima. Nimemwambia baba akijua yuko hai atatufikia, na atajua kwamba aliyetupasha habari ni wewe. Akasema, "Kufa nimekufa miaka hii yote na sikumsumbua mtu. Lakini mwanamke mwingine asiolewe juu ya kifo changu." Anaandika polepole, ameegemeza karatasi kwa mkono ule mbaya. Gatakaa alikataa kuichukua, akakataa tena, leo amekubali.

Mwalimu Riungu ameniuliza kama nimeacha hadithi. Sijaacha. Nimeichana yote, na ninaanza upya na mama hapa mezani, akiomba karatasi. Sikupenda ianzie hapa. Naogopa kuliko siku ya ukumbini.

Hii itakufikia siku ile ile yake itakapomfikia Wambura sokoni. Ukiisoma, usingoje.

Kinya


Kiirua,
1 Julai 2025

Dada Wambura,

Hunijui. Mimi ndiye Ruguru, mke wa Ndambiri, yule aliyefanyiwa maombi ya marehemu. Niko hai. Ninalima vitunguu.

Sijui barua ya namna hii huanzaje. Binti yangu ndiye mwandishi, lakini sikutaka anisaidie, ili usiseme ni hadithi.

Atakuwa mwema kwako mpaka wageni wa harusi warudi makwao. Kisha atakuuliza ulikuwa wapi. Ukimjibu, hatakuamini, atawauliza watoto. Watoto watasema kwa sababu atawauliza vizuri. Siku moja nilichelewa kurudi kutoka kituo cha kupimia majani chai. Alinikata vidole viwili kwa panga la kukatia ng'ombe majani, halafu akanawa mikono, akaniambia nimpe chakula. Nilimpa.

Usiamini kwa sababu nimesema mimi. Mpe pasta barua hii. Mwambie nitakuja kusimama mbele yake siku atakayosema, aione mikono yangu. Naogopa sana. Hata sasa nikiandika natazama mlango. Lakini nitakuja.

Kama kuna mtu wa kumuuliza hapo kwao, muulize mchana, watu wakiwepo.

Ruguru


Manyatta,
9 Julai 2025

Ruguru na Kinya,

Mmeona nilipoandikia. Niko kwa Wambura.

Barua ya kuniambia niondoke ilinikuta nikiwa sina pa kwenda. Nilikuwa bado nawaza pa kujificha wakati Wambura alipoingia uani kwetu, mchana kweupe, na pasta nyuma yake. Ndambiri alitoka kwake akitabasamu, akidhani wamekuja kwa mambo ya harusi. Wambura hakumsalimu. Alikuja moja kwa moja niliposimama, nikiwa na ungo wa maharagwe, akasema, "Mama, nikuulize. Mke wa huyu amekufa?"

Kaka yangu aligeukia upande wangu. Alinitazama tu, akatikisa kichwa kidogo sana, jinsi anavyomtikisia mbwa asibweke.

Nikasema, "Hajafa. Nilimtorosha mimi." Hakuna aliyesikia. Nikasema tena.

Pasta alivua miwani. Ndambiri hakupaza sauti. Alifunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja mpaka juu, akasema, "Gladys, haya tutayazungumza jioni, wageni wakishaondoka."

Wambura akanitoa ungo mikononi, akauweka chini taratibu ili maharagwe yasimwagike, akanishika kwapani kama mgonjwa. "Jioni hatakuwepo," akamwambia. "Anaenda kwangu." Tukapita mbele yake. Nilikuwa namsikia akipumua.

Harusi imekufa. Pasta amempelekea chifu habari, na anataka Ruguru aje wiki ijayo. Atamfuata Kiirua yeye mwenyewe na mke wake, msije peke yenu. Mimi nalala chumba cha nyuma, katikati ya marundo ya nguo za watoto. Sijapata usingizi. Wasichana wa Wambura wananiuliza kwa nini nashtuka mlango ukigongwa, nami sina la kuwaambia bado.

Jana Ndambiri alipita barabarani, polepole, akaangalia nyumba hii, akaenda. Leo tena, nikiwa katikati ya barua hii, nimemwona dirishani akija. Wambura alifungua mlango, akatoka, akasimama kibarazani, mikono kiunoni. Niliweka kalamu chini. Nilitoka, nikasimama kando yake, na tukamtazama sote wawili mpaka akapita na kupotea kwenye kona.

Gladys